USIACHE MBACHAO KWA MSALA UPITAO

Nina neno moja kuhusu kompyuta zetu, na walimu wetu wapendwa nao wanisikize.

Shule kadhaa za huku kwetu, kutoka Embu hadi Meru, zinatumia kompyuta kuukuu zenye Linux, kazi aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Helsinki. Linux haina malipo, tena haichoshi mashine ya zamani. Taabu huja siku kerneli, yaani kiini chake, inapobadilishwa kwa toleo jipya. Ukiwasha tena, ala! Waifai imekataa. Hapo utasikia watu wakisema, "Imekufa hii, ipelekwe kwa fundi mjini!" Mwenzangu wa Kidato cha Nne alikaa wiki mbili bila kompyuta, na mradi wake wa KCSE unangoja. Fundi akamwuzia kadi mpya ya waifai, ilhali ile ya kwanza haikuwa na kasoro yoyote!

Mimi nasema kadi haifi kwa sababu ya kerneli. Kadi husema na kerneli kupitia kwa kiendeshi, yaani draiva. Viendeshi vingi huja ndani ya kerneli yenyewe. Lakini kadi nyingine, kama baadhi ya zile za Broadcom, kiendeshi chake huwekwa kando, nacho hushonwa kwa kipimo cha kerneli moja tu. Kerneli ikibadilika ni kama mtu aliyenenepa: shati la mwaka jana halimwingii.

Dawa ni hii. Washa kompyuta upya, ufungue menyu ya GRUB, uchague kerneli ya zamani. Kwa kawaida Ubuntu huiacha ile iliyotangulia, kwa hivyo waifai itarudi. Kama imefutwa, omba simu ya mwalimu, uichomeke kwa waya wa USB ikupe mtandao. Kisha weka furushi la linux-headers la kerneli mpya. Programu ya DKMS, ikiwa imo, itakishona kiendeshi upya. Ikishindwa, baki na kerneli ya zamani kwanza. Hasira hasara!

Kwa maoni yangu, maabara isibadilishe kerneli wakati wa miradi, na ile ya zamani isifutwe kamwe kabla mpya haijajaribiwa. Tena chama chetu kiandike hatua hizi kwa Kiswahili na kuzibandika ukutani. Asiniambie mtu kwamba Kiswahili hakiwezi. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili. Sisi tutashindwa na karatasi moja?

Mwenye macho haambiwi tazama. Kwaherini.