Maji siyo maji tu

Jamani, wenzangu tunaofuga samaki sebuleni, hivi kwa nini tunachagua samaki kwa rangi halafu tunalaumu chakula wakifa? Mimi nasema tuanze na maji.

Mambo ni mawili. pH inaonyesha maji yana tindikali au alkali kiasi gani, na kila namba moja ni tofauti ya mara 10. Ugumu ni madini, hasa kalsiamu na magnesiamu, yaliyoyeyuka ndani yake.

Samaki wa Ziwa Tanganyika wamezoea maji magumu kiasi, pH inayokaribia 9. Neon tetra anatoka mito ya Amazon, maji laini yenye tindikali. Ukiwaweka tangi moja, lazima mmoja ateseke.

Wengine wanakimbilia dawa za kushusha pH. Maji yenye kabonati nyingi hayakubali kirahisi: leo inashuka, kesho imepanda tena. Kuyumba huko kunamuumiza samaki kuliko namba yenyewe.

Kwa hiyo chagua samaki kufuatana na maji yako. Kama birika lako lina ukoko mweupe na sabuni inagoma kutoa povu, maji yako ni magumu. Pima pH, kisha fuga guppy, au hao wa Tanganyika wanaosafirishwa mpaka Ulaya wakati sisi tunahangaika na wa Amazon.

Mnyama tuliyemfungia kwenye kioo hawezi kuhama. Tumtendee haki. Au nakosea, wadau?