Dhahabu Tunayo, Timu Zinashuka

Makamanda, leo tuongee mpira. Stand United ilishuka daraja 2019, Mwadui 2021, Geita Gold 2024. Mimi nasema tatizo ni usajili wa zimamoto: tunaokota wachezaji dirishani, wakiwika wanaondoka. George Mpole alikuwa mfungaji bora msimu wa 2021/22 kwa mabao 17, kisha akaenda zake Lupopo ya Congo. Klabu isiyolea vijana itaziba pengo hilo na nani?

Marekani, kwenye baadhi ya ligi, timu iliyoburuza mkia ndiyo inatangulia kuchagua chipukizi wa vyuoni. Kwetu anatangulia mwenye hela: Simba, Yanga, Azam. Mnyonge amebakiwa na njia moja tu, kulea wake mwenyewe.

Na pa kuanzia papo. Tangu marekebisho ya 2017, Sheria ya Madini inamtaka mwenye mgodi akubaliane na halmashauri mpango wa huduma kwa jamii kila mwaka. Basi vijana wa Bulyanhulu, waulizeni madiwani wa Msalala: kwenye mpango huo, akademi ya watoto wa Kakola na Bugarama iko ukurasa wa ngapi? Kama haipo, tuidai kwa barua, wajibu kwa barua.