Tahadhari: Buluu ya Kamera Si Ruhusa ya Kukimbia

Kwa wenye farasi, wakufunzi na masaisi, wa uwanja wa mbio wa Ngong jijini Nairobi na wa kokote farasi wanakoshindanishwa: msimwingize farasi mbioni kwa kuwa tu kamera ya joto imeonyesha mguu wake ni wa buluu, yaani wa baridi.

Kamera hiyo, hata ile ndogo inayochomekwa kwenye simu, haioni mfupa wala kano. Hupima joto la ngozi. Penye uvimbe damu huongezeka na ngozi hupata moto, ndiyo maana huweza kutoa ishara kabla farasi hajaanza kuchechemea. Lakini ufa mwembamba ndani ya mfupa huenda usiipashe ngozi moto hata kidogo, na pale damu inapozibwa mguu huonekana wa baridi ilhali umeumia. Farasi wa mbio ana kilo 500 hivi. Akitimka, mguu mmoja hubeba zaidi ya mara mbili ya uzito huo. Mfupa wenye ufa ukikatika hapo, huanguka yeye na aliye mgongoni.

Rangi nazo hudanganya. Kamera nyingi hujipangia rangi kulingana na joto la vitu vilivyo mbele yake, hivyo mguu uleule huwa mwekundu sasa, buluu baadaye. Someni nyuzi za joto, si rangi.

Kabla ya kupiga picha:

- Bandeji zifunguliwe saa mbili kabla. Dawa ya kuchua isipakwe, maji yasimwagwe.
- Farasi aingizwe bandani, pasipo jua wala upepo, atulie angalau dakika 20.
- Pigeni picha mguu wa kushoto na wa kulia, mahali palepale, kwa umbali uleule. Tofauti ya nyuzi 1 ya Selsiasi au zaidi yatosha kumsimamisha na kumwita daktari wa mifugo.

Picha ikiwa safi lakini farasi anachechemea, amevimba au anashtuka akibonyezwa, aminini mkono. Asidungwe dawa ya maumivu ili akimbie. Kano hupimwa kwa ultrasaundi, mfupa kwa eksirei.

Na eksirei ya kwanza isipoonyesha kitu ilhali maumivu yapo, abaki bandani. Ufa mwembamba huweza kukaa siku 10 au zaidi ndipo uonekane; picha hurudiwa.