Msamaha wa Kufuatiliwa Baharini Unamponza Mvuvi Mdogo

Ndugu msomaji, wewe mwenye ngalawa, na wewe mchuuzi unayesubiri samaki dikoni. Kila nikitaja vifaa vya kufuatilia vyombo vya uvuvi napata jibu moja: "Hayo ni ya meli kubwa, sisi tumesamehewa, alhamdulillahi." Leo nasema wazi: acheni kushukuru. Msamaha huo unawaumiza.

Sheria inataka nini

Kuna mifumo miwili. Wa kwanza ni VMS. Kifaa hufungwa melini, kikatuma kwa setilaiti mahali meli ilipo, na taarifa huenda kwa mamlaka tu. Kamisheni ya Jodari ya Bahari ya Hindi, ambayo Tanzania na Kenya ni wanachama, inakidai kwa meli za uvuvi zenye urefu wa mita 24 na zaidi, na kwa zile fupi zaidi zinazovua nje ya maji ya nchi yao.

Wa pili ni AIS. Huu hutangaza mahali meli ilipo kwa yeyote mwenye kipokezi, ili vyombo visigongane. Mkataba wa kimataifa wa usalama baharini unaulazimisha kwa meli zenye ujazo wa tani 300 na zaidi zinazosafiri baina ya nchi. Kwa meli za uvuvi, mkataba huo umeiachia kila nchi iamue yenyewe.

Ngalawa, mashua na dau lako havimo kokote humo.

Wakubwa nao wana mianya yao

Umoja wa Ulaya, ambao meli zake za Hispania na Ufaransa huvua jodari katika bahari yetu hii, unadai AIS kwa meli za uvuvi zinazozidi mita 15. Lakini nahodha anaruhusiwa kuizima akiona usalama uko hatarini. Maharamia wa Kisomali walikuwa hatari ya kweli, sikatai. Ila anayepima hatari hiyo ni nahodha yuleyule ambaye sisi tunataka kumwona.

Halafu kuna asiyeomba leseni kabisa. Mnawakumbuka "samaki wa Magufuli"? Machi 2009 meli ya Tawariq 1 ilikamatwa katika ukanda wetu wa bahari kuu, ikituhumiwa kuvua bila leseni, ikiwa na karibu tani 300 za samaki. Iliyoikuta ni meli ya doria ya Afrika Kusini, Sarah Baartman. Anayejificha hakupi taarifa zake. Anahitaji kuonwa na watu waliopo baharini.

Na watu waliopo baharini kila usiku ni nyinyi.

Wewe unapoteza nini

Kwanza, nyavu. Meli ya kukokota nyavu ikisogea karibu na pwani na kukukatia jarife lako, utaulizwa: ulikuwa wapi, saa ngapi? Meli ina rekodi yake, wewe una maneno. Nani ataaminiwa?

Pili, fidia na mipango. Ikija bandari, bomba la gesi au hifadhi ya bahari, wapangaji hufungua ramani. Mwamba uliovuliwa na babu yako hauna alama hata moja. Kwenye ramani hiyo hapana mtu, na pasipo na mtu hapana wa kulipwa.

Tatu, uhai. Chombo kisiporudi, watafutaji huanza na bahari nzima. Alama moja ya mwisho ingewapunguzia kazi na kuwaongezea muda.

Nne, wewe mchuuzi. Tangu 2010 samaki wa baharini anayeingia soko la Ulaya anatakiwa awe na cheti kinachoonyesha amevuliwa kihalali. Asiyeweza kuonyesha samaki wake katoka wapi huuza kwa bei ya anayemhurumia.

Ulaya yenyewe imeanza kuufunga msamaha huu. Sheria yake ya 2023 inaziingiza kwenye ufuatiliaji hata boti zilizo chini ya mita 12, kwa kifaa chepesi kisicholazimu kufungwa chomboni. Baadhi ya zile za chini ya mita 9 zinaweza kusamehewa, lakini mwisho ni 2029.

Najua mnachohofia

Mnahofia ushuru, mnahofia kufukuzwa, na mnahofia mwamba wenu wa siri kujulikana na kijiji kizima. Hofu hizo ni za haki. Kwa hiyo tusidai kifaa kitupu, tudai na masharti yake: taarifa zikae kwa BMU ya kijiji, zitolewe tu kwenye mgogoro, ajali au fidia, na gharama itoke kwenye ada za leseni za meli kubwa. Mvuvi wa ngalawa asitozwe hata senti. Likiletwa bila masharti hayo, mimi mwenyewe nitawaambia mlikatae.

Usisubiri, anza hivi

1. Simu yako ya kisasa inajua mahali ilipo hata pasipo mtandao. Iweke kwenye mfuko usiopitisha maji, ikiwa na chaji.
2. Ukitega, piga picha ya skrini inayoonyesha namba za eneo na saa.
3. Ukiona meli mahali isipostahili, andika jina lake, namba, rangi na upande inakoelekea. Piga picha ukiwa mbali, usiisogelee.
4. Toa taarifa siku hiyohiyo kwa BMU na afisa uvuvi, pamoja na shahidi wa pili. Hakikisha imeandikwa kwenye daftari.
5. Mchuuzi, andika kila ununuzi: chombo, tarehe, diko, aina ya samaki na kilo.

Kwenye mkutano ujao wa BMU, simameni mlidai jambo hili liwe ajenda. Meli kubwa zinapigania zisionekane. Wewe pigania uonekane, maana bahari asiyeonekana mtu wake hugawiwa wengine.