Tulipoogopa Kubonyeza

Juma lililopita hapa Kilindoni tulikaa wanne mbele ya kompyuta ya kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Tulitaka kuiwekea mfumo endeshi mpya, ule unaoiamsha na kuiendesha. Zamani kazi hii ilikwenda kwa hatua: swali, jibu, kisha “Endelea”. Safari hii programu ya kuuweka imebadilishwa sura. Maswali yote yako ukurasa mmoja, uanze utakapo, na kitufe cha kumalizia kimewekwa juu kushoto! Tulikitafuta chini hadi chai ikapoa.

Hilo dogo. Tulipofika kwenye diski hatukuelewa kama tukibonyeza itafutwa yote au sehemu tu. Na mle mna hesabu za akiba za akina mama wote, pamoja na picha za harusi ya binti wa mwenzetu. Mama wa bibi harusi alimshika mkono mweka hazina: “Dada, subiri kwanza!”

Hata mafundi yamewakuta. Fedora 18, mfumo unaotolewa bure, ilitazamiwa Novemba 2012. Programu yake mpya ya namna hii ikaichelewesha hadi Januari 2013, na ilipotoka wengi walilalamika. Waliobuni walitaka kurahisisha, lakini ukihamishiwa chumvi jikoni kwako utaipapasa tu.

Tuliizima. Sasa hesabu na picha tumezinakili kwenye flashi mbili, moja anayo mweka hazina. Jumamosi tunajaribu tena, asubuhi, kabla umeme haujaanza vituko vyake.