Nani Kamwibia Nani?

Wazee wangu wa Mbinga, shikamooni, ila mnaniudhi. Disko likipigwa msimu wa kahawa, eti vijana tunakopi Wazungu. Haya, tuhesabu. Mwaka 1991 Saleh J aliirap "Ice Ice Baby" ya Vanilla Ice kwa Kiswahili. Wizi? Vanilla Ice mwenyewe besi aliichota kwenye "Under Pressure" ya 1981, ya Queen na David Bowie. Na Freddie Mercury wa Queen kazaliwa wapi? Unguja, 1946! Mali imerudi nyumbani kwa mlango wa uani. Mimi, wa kidato cha nne tu, naandika riwaya. Mhariri mmoja kanirudishia mswada: "Unanuka filamu za nje." Unanuka usipa wa Mbamba Bay, bwana. Hukuusoma.