Nyumba Asiyoingia Mchungaji

Ni rahisi Mkristo kuisoma riwaya ya Ethan Frome, akaifunga na kusema: mume wa mtu alimpenda Mattie, binti aliyekuja kumsaidia mkewe, wote wawili wakalemaa, wamevuna walichopanda. Napinga usomaji huo. Ni mwepesi mno, na unatuosha mikono sisi watu wa kanisani.

Edith Wharton, mwandishi wa Marekani, alikitoa kitabu hicho mwaka 1911. Kijiji cha Starkfield ni cha kubuni, ila baridi yake ni ile ile ya Massachusetts, ambako theluji humfungia mtu ndani. Ethan alikuwa kijana anayesomea ufundi. Baba akafa, akarudi kuangalia shamba na mashine ya kupasulia mbao. Mama akaugua, kisha akaacha kabisa kuongea. Binamu yake Zeena alipokuja kumuuguza mama, Ethan akasikia tena sauti ya mtu nyumbani. Mama alipozikwa akamwomba asiondoke, kwa hofu ya kubaki peke yake majira yale ya baridi. Hiyo ndiyo ndoa yao! Mwaka haukuisha, Zeena naye akawa mgonjwa, naye akanyamaza.

Nauliza: waumini wa Starkfield walikuwa wapi? Kanisa lilikuwepo. Tena mapema katika hadithi tunawaona vijana wakicheza dansi katika chumba cha chini cha kanisa, na Ethan, aliyekuja kumrudisha Mattie nyumbani, amesimama nje gizani akichungulia dirishani. Haingii.

Simtetei. Amri ya Sita inamhusu kama inavyotuhusu sote. Na siku Mattie alipofukuzwa, walipogonga mti kwa kigari cha kuteleza kwenye theluji ili wafe pamoja, walijitwalia mamlaka yasiyo yao. Lakini Mwanzo sura ya 2 imezitangulia Amri Kumi. Jambo la kwanza ambalo Mungu aliona halifai katika uumbaji wake ni mtu kuwa peke yake, na hapo dhambi ilikuwa bado haijaingia. Sisi tunaanzia kwenye amri, tena mtu akiwa ameshaanguka. Baraza la wazee linaletewa jina la wa kutengwa, tunaandika kosa na tarehe. Nani anaandika ni lini nyumba ile ilitembelewa mara ya mwisho? Tunawahimiza wanandoa wavumilie, na wengi wetu hatujakanyaga uani kwao tangu tulipokula pilau ya arusi.

Ethan na Mattie hawakufa. Zaidi ya miaka ishirini baadaye watu watatu wanaishi katika nyumba ile ile: Ethan anachechemea, Mattie amepooza, na Zeena, yule mgonjwa, ndiye anayewatunza. Jirani yao, Bibi Hale, aliwahi kumwambia mchungaji wake kwamba afadhali Mattie angekufa. Mchungaji akashtuka. Kisha mama huyo anawahesabu wanaoendelea kwenda kwa akina Frome: yeye mwenyewe, mara moja au mbili kwa mwaka, tena akichagua siku Ethan hayupo, na daktari. Hesabu yake inaishia hapo.